Kalenda ya Mbwa: Kisa cha Baba, Mtoto, Mbwa na Paka kutoka Mombasa hadi Frankfurt

Tiketi zilikuwa zimeshalipiwa: tarehe 2 Machi, Nairobi hadi Frankfurt, mtu mzima mmoja na mtoto wa kupakatwa. Mama, ambaye ni muuguzi, alikuwa ametangulia Ujerumani tangu Oktoba kupitia njia iliyofunguka zaidi baada ya Kenya na Ujerumani kutia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi jijini Berlin, Septemba 2024. Mombasa walibaki baba, mtoto wa miezi ishirini, mbwa wa kienyeji mwenye miaka sita na kilo 17, na paka wa kilo 4. Mapema Januari baba akampigia simu daktari wa mifugo kuulizia "cheti cha safari", akidhani ni shughuli ya wiki moja. Jibu likawa miezi minne.

Kisa hiki ni cha kutunga. Kimeunganishwa ili makosa yanayojirudia yaonekane mahali pamoja, lakini kanuni, vipimo na hesabu zake ndizo zinazotumika. Familia nyingi huanza na viza, kisha tiketi, kisha mtoto, na mbwa hukumbukwa mwisho. Wenye mbwa wanatakiwa kuanza na sindano, kwa sababu viza inaweza kuharakishwa na tiketi inaweza kubadilishwa kwa faini, ila siku zinazohesabiwa tangu damu ya mbwa ilipotolewa hakuna afisa mwenye mamlaka ya kuzipunguza.

Kadi imejaa mihuri, na haisaidii

Mbwa huyu alikuwa na kadi ya chanjo iliyojaa. Alichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa mara tatu, ya mwisho Agosti iliyotangulia, na stika za chupa zimebandikwa vizuri. Kwa macho ya Umoja wa Ulaya, kadi hiyo haina mwenyewe. Hakuna chanjo inayohesabiwa isipokuwa ile iliyotolewa siku ile ile chipu ilipowekwa au baada yake. Bila chipu, hakuna kinachothibitisha kwamba aliyechomwa sindano Agosti ndiye anayesimama kaunta leo.

Chipu yenyewe ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, huingizwa kwa sindano chini ya ngozi kati ya mabega. Inayokubalika ni ile ya viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, yenye namba ya tarakimu 15. Utaratibu wa siku hiyo ni huu, na haupinduliwi: chipu inasomwa na mashine kabla ya kuingizwa, inaingizwa, inasomwa tena ikiwa mwilini, namba inabandikwa kwenye kitabu, ndipo chanjo inachomwa. Daktari akichanja kwanza halafu siku ya pili akaweka chipu, chanjo imepotea bure. Kwa mtoto wa mbwa au wa paka kuna sharti la ziada la kuwa ametimiza angalau wiki 12 ndipo achanjwe.

Mbwa na paka waliwekewa chipu na kuchanjwa tarehe 12 Januari. Hata hivyo, chanjo za zamani hazikuwa za bure kabisa. Makaratasi hayazitambui, ila mwili wa mbwa unazikumbuka, na kumbukumbu hiyo ilikuja kuonekana kwenye majibu ya damu.

Damu, na siku zinazoanza kuhesabiwa

Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi ambazo wanyama wao huingia kwa chipu, chanjo na cheti tu. Mauritius imo, Falme za Kiarabu zimo. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Anayetoka nchi isiyomo anatakiwa kupima kiwango cha kingamwili dhidi ya kichaa cha mbwa. Damu hutolewa angalau siku 30 baada ya chanjo, hupimwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na majibu yawe angalau uniti 0.5 kwa mililita. Kisha mnyama husubiri miezi mitatu kamili, ikihesabiwa tangu siku damu ilipotolewa. Siku ya majibu haina uzito katika hesabu. Wengi huchanganyikiwa hapa: majibu yakichelewa wiki tano, hakuna siku iliyopotea.

Damu ya wanyama hawa ilitolewa tarehe 13 Februari, siku ya 32. Kwa hiyo hawangeweza kuingia Ulaya kabla ya 13 Mei. Tiketi ya 2 Machi ilikufa hapo.

Kwa nini siku ya 32 na si ya 60, wakati sheria inasema "angalau"? Kingamwili hupanda hadi kilele wiki nne hadi sita hivi baada ya chanjo, halafu huanza kushuka. Mnyama aliyepata dozi moja tu maishani, akipimwa miezi mitatu baadaye, anaweza kuwa na kinga ya kutosha kumlinda na bado akaanguka chini ya 0.5 kwenye karatasi. Mbwa wachanga na mbwa wenye miili mikubwa ndio huanguka zaidi. Kwa mnyama ambaye hajawahi kuchanjwa, madaktari wengi wenye uzoefu humpa dozi mbili kabla ya kutoa damu. Paka wetu, aliyekuwa na dozi moja tu, alipita kwa nafasi ndogo. Mbwa, mwenye kumbukumbu ya chanjo tatu za awali, alipita kwa mbali. Paka angeanguka, angechanjwa upya, angesubiri siku 30 nyingine, damu nyingine, na miezi mitatu ingeanza moja.

Damu yenyewe huharibika kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Maabara hutaka seramu, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa, na kutuma mililita moja hadi mbili huondoa mashaka. Kliniki isiyo na mashine ya kuzungushia damu huacha chupa nzima kwenye friji na kuituma hivyo hivyo. Chembe nyekundu hupasuka njiani, seramu hufika nyekundu kama juisi ya rozela, na maabara huikataa. Damu ikitolewa upya, tarehe ya kuanzia hesabu nayo ni mpya. Muulize daktari maswali mawili kabla hajashika sindano: unayo mashine ya kuzungushia? Na seramu itasafiri na barafu ya aina gani, kwa siku ngapi? Maabara ya Onderstepoort nchini Afrika Kusini imo kwenye orodha, na ya Nancy nchini Ufaransa ndiyo maabara ya rejea ya Umoja wa Ulaya kwa kipimo hiki. Majibu ya maabara ya nyumbani isiyo kwenye orodha hayapokelewi, hata yakiwa sahihi kiasi gani.

Majibu ya paka yalirudi na kasoro. Mwisho wa namba ya chipu ulisomeka 4173 badala ya 4713. Mtu alikuwa ameinakili kwa mkono kutoka kwenye skrini hadi kwenye fomu, kisha kutoka kwenye fomu hadi kwenye lebo ya chupa. Kwa kuwa kitabu cha chanjo kilikuwa na stika asilia yenye namba sahihi, daktari aliandika barua rasmi ya marekebisho na maabara ikatoa cheti kipya chenye tarehe ile ile ya damu. Kosa hilo lingegunduliwa uwanja wa ndege, paka angebaki. Chipu huja na stika kadhaa kwenye pakiti yake: bandika stika kwenye fomu na kwenye chupa, usiruhusu mtu anakili kwa kalamu.

Mbwa ni wa nani?

Huu ndio mtego uliokaribia kuivunja safari hii, na hauonekani hadi mtu asome masharti kwa utulivu. Mnyama huhesabiwa kuwa wa nyumbani, asiye wa biashara, iwapo anasafiri ndani ya siku tano kabla au baada ya safari ya mwenye mnyama. Kitabu cha chanjo cha mbwa kilikuwa na jina la mama, na mama yuko Ujerumani tangu Oktoba. Angebaki kuwa mwenye mbwa kwenye karatasi, mbwa angekuwa anasafiri miezi saba baada yake, na papo hapo angegeuka mzigo wa kibiashara: cheti cha aina nyingine, taarifa kwenye mfumo wa Ulaya kabla ya kuwasili, ukaguzi wa kituo maalumu cha mpakani.

Wakala mmoja alipendekeza baba asaini kama "mtu aliyeruhusiwa na mwenye mnyama". Sheria inaruhusu kweli mtu mwingine ambebe mnyama, ila siku tano bado zinapimwa kwa safari ya mwenyewe, si ya mbebaji. Dawa ilikuwa rahisi kwa sababu iliwahiwa: siku ya chipu, kitabu kipya kilifunguliwa kwa jina la baba, na usajili wa chipu vilevile. Familia inayotengana namna hii iamue mapema: mwenye mnyama ni yule atakayepanda naye ndege.

Jambo hilo hilo lilizima wazo jingine lililoonekana la busara, la baba na mtoto kuondoka Machi kama ilivyopangwa, bibi abaki na wanyama, kisha watumwe Mei kama kargo. Siku tano zingepita na kuzidi.

Mtoto anatimiza miaka miwili

Mtoto alizaliwa tarehe 20 Aprili. Kwa tiketi ya Machi angepakatwa, na nauli ya mtoto wa kupakatwa kwa kawaida ni asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Kalenda ya mbwa ilipoisukuma safari hadi katikati ya Mei, mtoto alikuwa ameshatimiza miwili, na kuanzia siku hiyo shirika linamtaka awe na kiti chake, mara nyingi kwa asilimia 75 ya nauli au zaidi. Hapo ndipo gharama ya kuchelewa chipu ilipoonekana kwa shilingi: kubadili tiketi, na kiti kizima juu yake.

Tukiulizwa, hata Machi tungeshauri kiti kinunuliwe. Mtoto wa miezi 22 hatoshi kwenye kitanda cha ukutani, ambacho hubeba takriban kilo 10 hadi 14 kutegemea shirika. Angekaa mapajani kwa baba aliye peke yake usiku kucha. Kiti chake mwenyewe kinaruhusu pia kiti cha gari kifungwe juu yake, mradi kina lebo inayosema kimeidhinishwa kwa ndege. Kiti cha gari huwekwa dirishani ili kisizibe njia ya abiria wengine, na mtoto aliyezoea kulala ndani yake barabarani hulala ndani yake angani.

Karatasi za mtoto ni chache ila hazina mbadala. Anasafiri na mzazi mmoja, kwa hiyo kuwe na hati ya ridhaa ya mama, yenye namba za pasipoti zote tatu na tarehe ya safari, iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji huko Ujerumani au kwenye ubalozi wa Kenya ulioko Berlin. Cheti cha kuzaliwa kiwe cha asili. Na kitabu cha kliniki kisiingie kwenye masanduku yanayokwenda kwa meli! Tangu Machi 2020 Ujerumani haimpokei mtoto chekechea bila uthibitisho wa chanjo ya surua: dozi moja kuanzia mwaka mmoja, dozi mbili kuanzia miaka miwili. Kenya hutoa dozi hizo miezi 9 na 18. Ile ya miezi 18 ndiyo wazazi wengi huisahau kwa sababu mtoto hana tena kawaida ya kwenda kliniki.

Paka juu au chini?

Mashirika mengi ya Ulaya huruhusu paka ndani ya kebini akiwa kwenye begi laini linaloingia chini ya kiti cha mbele, uzito wa mnyama na begi usizidi kilo 8. Paka wetu anatosha. Kila mtu husema apande juu, maskini. Sisi tulisema hapana.

Fikiria kituo cha ukaguzi cha Jomo Kenyatta. Begi la paka linapita kwenye mashine, na paka lazima atolewe abebwe mikononi kupita kwenye fremu. Mtoto atolewe kwenye kigari, kigari kikunjwe kipite kwenye mashine. Viatu, mkanda, simu, kompyuta. Baba ana mikono miwili. Paka aliyeshtuka akiruka hapo, hakuna atakayemfuata, kwa sababu mtoto naye hawezi kuachwa. Ndani ya ndege kuna mgongano mwingine: safu ya mbele yenye ukuta, ambayo wazazi huiomba kwa sababu ya nafasi ya miguu, haina kiti cha mbele cha kuwekea begi la paka. Mwenye mnyama hakubaliwi hapo. Kwa wazazi wawili, mmoja na mtoto na mwingine na paka, kebini ni sawa kabisa, na paka avalishwe mkanda wa kifuani wenye kamba, mzazi aombe chumba cha faragha cha ukaguzi. Kwa mzazi mmoja, paka ashuke chini kwenye kizimba chake mwenyewe. Sehemu ya wanyama kwenye tumbo la ndege ina hewa na joto vinavyodhibitiwa, na rubani hujulishwa kwamba kuna viumbe hai.

Waliozoea kupitia Ghuba wajue kwamba Emirates na Qatar Airways hawapandishi paka wala mbwa wa kawaida kebini. Kipanga wa kuwindia anaruhusiwa. Paka wa Kisauni atangoja sana kufikia hadhi hiyo.

Kwa safari hii ilichaguliwa ndege ya moja kwa moja ya Lufthansa kati ya Nairobi na Frankfurt, muda wa saa nane na ushei. Kuunganisha ndege kungepunguza nauli, lakini kila uwanja wa kati huongeza muda wa kizimba kusimama juani au baridini, na huongeza seti nyingine ya masharti ya kupitisha wanyama. Nafasi za wanyama kwa kila ndege ni chache. Kwa hiyo kwanza pata uthibitisho wa maandishi wa nafasi za wanyama, halafu ndipo ulipe tiketi za watu, si kinyume chake.

Kizimba

Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, za kusafirisha wanyama hai zinataka mbwa aweze kusimama bila kichwa kugusa dari, kugeuka, na kulala kwa kujinyoosha. Vipimo huchukuliwa akiwa amesimama. Vya mbwa wetu vilikuwa hivi: pua hadi shina la mkia sentimita 70, sakafu hadi kiwiko cha mguu wa mbele 28, upana wa mabega 20, sakafu hadi ncha ya sikio 58. Urefu wa kizimba ni kipimo cha kwanza kujumlisha nusu ya cha pili, yaani 84. Upana ni mabega mara mbili, 40. Kimo ni 58 pamoja na unene wa tandiko. Kizimba cha dukani cha 90 kwa 60 kwa 68 kilimtosha. Mbwa na paka wenye nyuso bapa huongezewa asilimia 10 kila upande, na mashirika mengi huwakataa kabisa kwa sababu ya shida zao za kupumua.

Kizimba kikubwa kuliko lazima hulipiwa. Kikienda kama kargo, uzito unaotozwa ni mkubwa kati ya uzito halisi na uzito wa ujazo, na wa ujazo ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Kwa 90 × 60 × 68 unapata kilo 61.2. Mbwa na kizimba chake wana kilo 26 kwenye mizani, ila bili ni ya kilo 61. Kama mzigo wa abiria kwenye ndege ile ile huwa nafuu zaidi, na ndivyo ilivyofanywa.

Vizimba vinavyokataliwa kaunta huwa na kasoro zile zile. Vishikizo vya plastiki vya kubana nusu mbili hutolewa, badala yake nati na boliti za chuma pande zote. Mlango uwe wa chuma. Matundu ya hewa yawe pande nne. Magurudumu yang'olewe. Vibakuli viwili vifungwe mlangoni, vijazwe kutoka nje bila kufungua. Kimoja kijaze maji na ukigandishe kwenye friza usiku wa kuamkia safari: barafu haimwagiki wakati wa kupakia, na huyeyuka mbwa akiwa tayari ametulia. Spana ya boliti hizo iingie kwenye sanduku la kupakiwa, kwa sababu kwenye mkoba wa mkononi itachukuliwa, na ukifika utaihitaji.

Dawa ya kulewesha mnyama, hapana. Asepromazini, inayopendwa sana, hushusha shinikizo la damu na kuvuruga uwezo wa mwili kudhibiti joto, na mnyama aliyelegea hawezi kujishikilia ndege inapotikisika. Mashirika huwakataa waliolewa. Kinachofanya kazi ni mazoea: kizimba kiwe sebuleni mlango wazi kuanzia Machi, chakula kiliwe humo, mlango ufungwe dakika tano, kisha saa, kisha usiku mzima. Miezi mitatu ya kusubiri ina kazi hiyo.

Kabete, kisha usiku wenyewe

Cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya kina uhai wa siku 10, tangu afisa wa serikali anaposaini hadi ukaguzi wa kuingia. Daktari wa kliniki huchunguza na kujaza, lakini sahihi inayohesabika ni ya daktari rasmi wa Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, Kabete. Familia ilisafiri kwa gari usiku kukwepa joto, kilomita 480 hivi kutoka Mombasa, ikafika Nairobi tarehe 10 Mei. Cheti kilisainiwa tarehe 11, ndege ilikuwa usiku wa tarehe 14. Siku tatu katikati ziliachwa makusudi: afisa anaweza kuwa nje ya ofisi, muhuri unaweza kusahaulika kwenye ukurasa mmoja.

Kagua kabla hujatoka mlangoni. Cheti cha kuingilia Ujerumani kiwe na lugha mbili, Kijerumani na Kiingereza. Sahihi na muhuri viwe vya rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa. Wino wa buluu unatosha. Kila ukurasa uwe na namba ile ile ya cheti. Nakala za chanjo na majibu ya maabara ziambatanishwe, pamoja na tamko la mwenye mnyama kwamba hauzi wala hahamishi umiliki. Kwenye mstari wa aina ya mbwa paandikwe chotara. Ujerumani imepiga marufuku tangu 2001 kuingiza Pitbull Terrier, American Staffordshire Terrier, Staffordshire Bull Terrier, Bull Terrier na chotara wao, na daktari mwenye utani wa kuandika "nusu pitbull" kwa sababu mbwa ana kifua kipana anaweza kumzuia mbwa wa watu mpakani.

Mbwa alipewa mlo mwepesi saa nne kabla ya kukabidhiwa na kutembezwa hadi akajisaidia. Kaunta ilihitaji muda wa saa nzima na nusu: chipu zilisomwa, vizimba vikapitishwa kwenye mashine vikiwa vitupu huku mbwa akishikwa kwa kamba. Kamba hiyo haibaki ndani ya kizimba, humnyonga mnyama, kwa hiyo ilifungwa kwa nje pamoja na pakiti ya chakula. Mtu mzima wa pili, shangazi, alikuwepo hadi mwisho wa eneo linaloruhusiwa, na kazi yake ilikuwa mtoto tu. Bila mtu huyo, hatua hii haifanyiki.

Masikio ya mtoto huuma zaidi ndege ikishuka kuliko ikipaa, na kushuka huanza karibu nusu saa kabla ya kutua. Mtoto aliyelala aamshwe hapo apewe kikombe cha kunyonya. Maji na maziwa yake hayabanwi na mililita 100, yaonyeshwe tu kwenye ukaguzi. Nepi zihesabiwe moja kwa kila saa mbili, na za ziada tano. Kuhusu usingizi, Mei tofauti ya saa kati ya Nairobi na Frankfurt ni moja tu, basi usidanganyike kulaumu saa za Ulaya mtoto akikataa kulala.

Kutua

Baba alikuwa na mtoto, kigari, masanduku mawili na vizimba viwili, na mama haruhusiwi kuingia ukumbi wa mizigo. Mchukuzi aliagizwa siku kadhaa kabla. Wanaotoka nje ya Ulaya na wanyama hupita mlango mwekundu wa forodha hata kama hawana kingine cha kutangaza, na hapo chipu husomwa na vyeti hupitiwa. Mnyama akikutwa na kasoro, mamlaka ina njia tatu: kumrudisha alikotoka, kumweka karantini kwa gharama ya mwenyewe, au, njia hizo zikishindikana, kumuua. Karantini hiyo ndiyo ambayo miezi mitatu ya Mombasa ilikuwa inaikwepa. Kwa anayehamia kabisa, wanyama wa nyumbani huingia katika msamaha wa ushuru wa vitu vya mhamiaji, mradi aonyeshe hati za kuhama.

Gari la kuwapokea lilipimwa kabla. Kizimba cha kimo cha sentimita 68 hakiingii kwenye buti ya gari dogo, na hapo ndipo ile spana ilipotolewa sandukuni: boliti zikafunguliwa, nusu ya juu ikageuzwa ndani ya nusu ya chini, mbwa akakaa nyuma kwa kamba. Mkataba wa nyumba mama alikuwa ameshauliza. Mahakama ya juu ya Ujerumani iliamua mwaka 2013 kwamba kipengele kinachopiga marufuku mbwa na paka wote bila kuangalia hali ya kila mpangaji ni batili, lakini kuwa na haki ni jambo moja, kuanza ugeni kwa kesi na mwenye nyumba ni jingine. Mbwa alisajiliwa manispaa kwa ajili ya kodi ya mbwa. Paka hana kodi.

Daktari wa mtaani akahamishia chipu, chanjo na majibu ya damu kwenye pasipoti ya Ulaya ya wanyama. Majibu yale hayaishi muda maadamu chanjo haikatiki, na yakishaandikwa kwenye pasipoti kabla ya kutoka Ulaya, mbwa anaweza kuja Mombasa likizo na kurudi bila kusubiri miezi mitatu. Chanjo ya kwanza ni ya mwaka mmoja, inaisha 12 Januari. Kliniki nyingi hufungwa kati ya Krismasi na mwaka mpya, kwa hiyo miadi iliwekwa tarehe 5 Desemba.